Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Tanga: tutengeeni mahali pa kuogelea Mto Sigi

Kwa:
Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga,
Mkurugenzi wa Jiji,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga,
Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

YAH: KUTENGWA KWA MAHALI PA WANANCHI KUOGELEA KATIKA MTO SIGI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naomba niliseme ombi langu mapema, msije mkanichoka kabla sijalifikia. Naomba jiji litenge walau mahali pamoja katika Mto Sigi, chini ya bwawa la Mabayani, pawe pa kuogelea wananchi. Papimwe, pawekewe bikoni, pawe na njia ya kufikia ambayo hakuna mtu atakayeweza kuiuza, na pawe na watu wa kuwaangalia watoto wakiwa majini. Siombi hoteli. Siombi bustani ya kupigia picha za harusi.

Najua swali la kwanza litakalokuja: Tanga ina bahari, mto wa nini tena? Kulijibu inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu habari za watu wa mji huu kuogelea zimeandikwa upande mmoja tu.

Ukimuuliza mgeni au mwenyeji mahali pa kuogelea Tanga, atakunyooshea kidole Raskazone. Hajakosea. Kule kuna klabu, kuna ngazi za kushukia majini, kuna vyumba vya kubadilishia nguo, kuna mtu wa kupokea kiingilio. Raskazone ina historia yake vitabuni pia: askari wa Mwingereza walishuka upande ule Novemba 1914, wakaingia mjini kwa kujiamini, wakatimuliwa na jeshi la Mjerumani huku nyuki wakisaidia kazi. Lakini historia ya nani aliruhusiwa kujimwaga katika maji yale haina kibao. Mji wa kikoloni uligawanywa, na ufuko ukafuata mgawo huohuo. Wazungu walikaa Raskazone na Bombo kwenye upepo, Wahindi wakakaa katikati penye maduka, Mwafrika akawekwa Ngamiani kwenye barabara zilizopewa namba badala ya majina. Mtu wa Ngamiani alifika Raskazone akiwa mpishi, dereva au yaya. Uhuru uliifungua milango hiyo, sikatai. Ila kiingilio na nauli ya watoto watano kutoka Mabawa au Mikanjuni havijui habari za uhuru.

Sasa hao wengine waliogelea wapi? Mtoni. Sigi unateremka kutoka Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, unapita wilaya ya Muheza, unafika Mabayani, kisha Amboni, ndipo unaingia baharini kaskazini mwa mji. Mkulumuzi ni mdogo wake, unapita jirani na mapango ya Amboni na kumwaga maji yake katika ghuba yetu. Mji wa Ngamiani ulikwenda kwenye mito hiyo kwa baiskeli, na vijiji vya kando vikaenda kwa miguu.

Na wasije watu wakadhani ilikuwa vurugu tu ya watoto uchi. Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna sheria ndogo ya halmashauri iliyouandika na hata hivyo ulifuatwa. Juu ya mkondo palichotwa maji ya kunywa. Chini yake wanawake walifua na kuoga. Kanga ikionekana imetundikwa kichakani, mwanamume hapiti njia ile hata kama anawahi mazishi. Chini zaidi walikaa wavulana. Mwisho kabisa ng'ombe na baiskeli. Ndiyo, baiskeli zilikuwa zinaogeshwa mtoni, na mwenye kuifahamu Tanga hatashangaa. Vijana wa jando nao walipelekwa mtoni alfajiri, na siku hiyo watoto wengine tulizuiwa nyumbani.

Kilichonikaa zaidi ni mwanzi. Mvua za masika zikishakatika, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kujitosa penye kina kabla wakubwa hawajapita na mwanzi mrefu wakipima chini hatua kwa hatua. Mto ukishafurika si ule uliouacha: penye mchanga pamekuwa shimo, penye shimo limekaa gogo. Wakubwa walipima, wakachomeka vijiti viwili ukingoni kuonyesha mwisho wa mipaka ya wadogo, na aliyevuka vijiti alichapwa na mkubwa yeyote aliyekuwa karibu, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Kuogelea kwenyewe tulijifunzia dumu la lita tano. Unakaza kifuniko, unalikumbatia dumu kwapani kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapiga maji. Siku kaka mmoja anapokunyang'anya dumu katikati ya mto na kuondoka nalo ndiyo siku uliyohitimu. Mtaala wenyewe ulikuwa huo.

Kwa hiyo mwanzi, vijiti, kanga kichakani na mkubwa wa zamu ndivyo vilivyokuwa huduma ya umma, ingawa hazikutolewa na ofisi yoyote. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba ni kurudishiwa vitu hivyo, safari hii vikiwa na bajeti.

Mambo yalianza kuharibika kwa mkonge, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu mkonge tunausifu sana Tanga na sifa zake tunazifundisha shuleni. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta mkonge pwani yetu kutoka Marekani. Miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na kuongoza dunia nzima. Sawa. Ila katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4. Zilizobaki ni utomvu na makapi, na korona, yaani kiwanda cha kukamulia majani ya mkonge, inataka maji mengi ya kusukumia uchafu huo. Ndiyo maana korona zilijengwa zilipo na mito, na maji yaliyotoka korona yakarudi mtoni. Maji yale yana asidi. Yakiingia mtoni huoza na kumaliza hewa wanayovuta samaki, harufu yake inapiga kichwa, na mtu akiyaogea anajikuna usiku kucha.

Watu wakajipanga upya. Jumapili korona ililala, kwa hiyo Jumapili ikawa siku ya mto. Manamba waliotoka bara kwa mkataba, wengine wakiwa hawajawahi kuona maji yanayompita mtu magotini, walijifunza kuogelea kwenye mito ya mashamba kwa saa hizo chache za wiki. Hilo nalo halina kibao popote. Ni miaka ya 2000 ndipo tulipoona, kule Hale, makapi ya mkonge yakigeuzwa gesi na gesi kuwa umeme badala ya kumwagwa. Karne nzima na ushei baada ya ile miche 62!

Upande wa Amboni kuna chemchemi za Galanos, zilizobeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Shule ya sekondari ya Galanos nayo ina jina hilohilo. Maji yake ni ya vuguvugu, yana salfa, yananuka kama yai viza, na watu wameyaendea miaka mingi kwa ajili ya magonjwa ya ngozi na viungo. Palijengwa mabafu. Yakatumika, yakachakaa, yakaachwa. Nayataja kwa sababu moja: hata pale ambapo mtu mwenye fedha aliweka jengo, jengo lilikufa mara tu lilipokosa mtu wa kulitunza. Msinijengee jengo, waheshimiwa. Niwekeeni mtu.

Kisha yakaja mabomba. Bwawa la Mabayani lilijengwa mwaka 1978, na tangu wakati huo Sigi ndio unaoinywesha Tanga. Hapa nisieleweke vibaya. Bwawa ni la kunywa, na anayeogelea kule afukuzwe bila mjadala. Lakini bomba lilileta jambo ambalo halikutazamwa. Mama aliyepata maji uani hakuwa tena na sababu ya kwenda mtoni, na mama asipokwenda mtoni, jicho lililokuwa linawaangalia watoto wa wote limeondoka. Watoto wao hawakuacha kwenda. Tulipata maji safi, na wakati huohuo mto ukabaki na watoto peke yao.

Tangu hapo mto ukawa unakumbukwa unapochafuka tu. Mwaka 2003 na 2004 wachimbaji wa dhahabu walipoingia milima ya Usambara Mashariki, Sigi ulishuka na tope, watu wakawa na hofu ya zebaki, serikali ikapiga marufuku, magazeti yakaandika. Baada ya hapo tukanyamaza tena.

Nikirudi siku hizi, niliyoyaona kiangazi kilichopita ni haya. Njia moja ya zamani ya kushukia mtoni imezibwa na ukuta wa matofali, na juu ya ukuta vimepangwa vipande vya chupa. Njia nyingine ipo, ila magari ya mchanga yameichimba hadi imekuwa mfereji. Mchanga wenyewe unachotwa mtoni, si kwa jembe na baiskeli kama zamani, kwa malori. Mahali palipokuwa na maji ya kiunoni pamebaki shimo lenye kingo za wima, na juu maji yametulia, meupe, hayakuonyeshi kitu. Mtoto anatembea maji yapo gotini, hatua inayofuata hana chini. Hata anayejua kuogelea hushtuka. Asiyejua hapigi kelele, anazama kimya, na wenzake hudhani anapiga mbizi.

Kuna na mashimo ya machimbo ya mawe na kokoto. Yakiachwa hujaa maji ya mvua, na mtoto aliyezibiwa njia ya mto hufika huko. Kingo zake ni jiwe tupu lenye utelezi, hakuna mzizi wa kushika. Kati ya mto na shimo lile mimi ningempeleka mtoto wangu mtoni mara mia.

Watu wa pwani tunadhaniwa tunazaliwa tukiogelea. Si kweli. Watoto wengi wa Ngamiani hawajui, na wasichana ndio hawajui kabisa, kwa sababu tangu kanga ya kichakani ilipoondoka hapana tena mahali pa kujisitiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi kwa idadi ya watu wake. Wengi katika hao ni watoto na vijana. Shirika hilohilo linataja dawa zake, na hazina gharama ya kutisha: kuwafundisha watoto wa shule kuogelea, kuweka uzio au mipaka, na kuwafundisha walio karibu namna ya kuokoa. Wenzetu wa Nungwi, Unguja, wamekuwa wakiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na dini haikutikisika.

Naja kwenye hoja mtakazonirudishia, na ya kwanza ni mamba. Mamba wa Sigi si hadithi ya kutishia watoto. Kadiri unavyoshuka kuelekea mikoko ndivyo tahadhari inavyozidi, na mimi singechagua mahali kule chini hata mkinipa bure. Lakini mamba ana dawa inayojulikana nchini humu. Kando ya Ziwa Victoria, baada ya watu kuuawa, serikali imejenga vizimba vya vyuma ndani ya maji ili wananchi wachote na kuoga bila kunyakuliwa. Kizimba kama kile, kipana kidogo, penye maji yasiyozidi kifua cha mtoto, kinawezekana Sigi. Askari wa wanyamapori waje waukague mto kwanza. Wakisema sehemu fulani haifai, haifai, tutafute nyingine.

Ya pili ni kichocho. Hii ndiyo hoja nzito kuliko ya mamba, ingawa haitoi habari ya ukurasa wa kwanza. Kichocho cha mkojo kipo mkoani kwetu na kila mwenye umri wangu anamjua mtu aliyekojoa damu shuleni, akachekwa. Ila tukumbuke kinavyokwenda. Mgonjwa anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwenye konokono, vinatoka huko na kuitafuta ngozi ya mtu. Konokono hao wanapenda maji yaliyotuama yenye majani, hawapendi mkondo wa mawe na mchanga. Vimelea hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, katikati ya mchana. Kwa hiyo mahali pakichaguliwa penye mkondo, majani yakang'olewa, kikawekwa choo cha kweli si mbali na mto, na watoto wakapewa dawa za kichocho kama kampeni za shuleni zinavyofanya, hatari inashuka sana. Choo ndicho kitu cha kwanza kabisa. Kabla ya bango, kabla ya ngazi. Kwa sasa watoto wanaoga humo humo bila choo, saa saba mchana, kwenye vidimbwi vyenye majani, kwa kuwa ndipo pekee palipobaki hakuna ukuta.

Ya tatu ni sheria. Nimesikia ikisemwa kwamba sheria hairuhusu watu kukaribia mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukuta ni wa kudumu. Msingi wa nyumba ni wa kudumu. Mtoto anayeogelea Jumamosi na kurudi kwao kula ugali si shughuli ya kudumu, wala haharibu hifadhi. Zile mita 60 zikisimamiwa inavyotakiwa, ndizo zitakazonipa nafasi ya njia ninayoiomba. Maana eneo hilo kisheria halitakiwi kujengwa, limekaliwa tu. Ninachotaka ni mpimaji wa jiji afike na bikoni, na kwamba mpango kabambe wa jiji utaje kwa jina mahali pa kuogelea, kama unavyotaja soko na makaburi. Kisichokuwa kwenye ramani hugeuka kiwanja, hilo tumeliona sana.

Kuna la fedha, na hapo naona Mamlaka ya Maji inaelekea kuniambia haihusiki. Inahusika. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilikwenda kwa wananchi na hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa kugharimia miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, na watu wakanunua hadi ikavuka lengo. Ilikuwa sifa kubwa kwa Tanga, na mimi nilifurahi kama wengine. Fedha hizo zina kazi zake zilizoandikwa, sisemi zichukuliwe zikajenge kizimba. Nasema hivi: mtu anautunza mto anaoujua. Wakulima wa milimani wameombwa wasilime kingo za vijito vya Sigi ili sisi wa chini tunywe, na wengi wamekubali. Huku mjini tunaokunywa hatuujui mto huo una rangi gani mwezi wa nne. Mtoto anayeogelea Sigi ndiye wa kwanza kujua maji yamebadilika, kabla ya maabara.

Na kwa kuwa mnapenda mifano ya ng'ambo, huu hapa. Mji wa Paris ulipiga marufuku kuogelea katika mto wao, Seine, mwaka 1923. Marufuku ikakaa miaka mia moja na zaidi. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2024 wakatumia kiasi cha euro bilioni 1.4 kusafisha maji, wengi wakawazomea, na Julai 2025 wakafungua sehemu tatu za wananchi kuogelea, bure. Sitaki tuige fedha zao, hatuna. Naipenda bendera yao. Kila siku maji hupimwa na bendera hupandishwa: kijani ingia, njano kuwa mwangalifu, nyekundu kaa nje. Mvua kubwa ikinyesha, maji machafu yakaingia mtoni, bendera ni nyekundu na hakuna ubishi. Sisi tunaweza kupandisha nyekundu masika yote na siku mbili baada ya kila mvua kubwa ya vuli. Bendera ni kitambaa.

Hapa hapa kwetu pia kuna mfano, na huu unanikera kidogo. Tangu mwaka 2009 Tanga ina hifadhi ya bahari iliyowekwa kwa ajili ya samaki aina ya silikanti. Mpaka umepimwa, sheria zipo, watumishi wapo. Nami naunga mkono, samaki yule ni wa ajabu na ana haki ya kuishi. Lakini ina maana jiji hili linajua kabisa namna ya kuchora mstari majini na kusema hapa ni mahali pa fulani. Mtoto wa Makorora hajachorewa mstari wowote.

Sasa kazi yenyewe. Mwanzo wa kiangazi, maji yakishatulia, watu wanne wakae siku moja mtoni: mpimaji wa jiji, mtaalamu wa maji wa bonde, mganga wa afya wa kata na askari wa wanyamapori. Wakae na wazee wa mahali pale, waonyeshwe palipokuwa pakiogewa, kwa sababu wazee hawakuchagua kwa bahati nasibu; walichagua penye mkondo, penye changarawe, na juu kuliko maji ya bahari yanavyofika bamvua inapojaa. Wachague pamoja. Malori ya mchanga yazuiwe juu na chini ya sehemu hiyo kwa umbali watakaouona wataalamu, na mashimo yaliyopo yafukiwe. Halafu choo, kizimba, kamba yenye maboya ya kuonyesha mwisho wa kina, ngazi za mawe. Wawekwe vijana wawili wa palepale, wanaoujua mto, wafundishwe kuokoa na kupuliza pumzi kwa aliyekunywa maji, walipwe posho ya mwezi kwa njia mnayoiona inafaa kikanuni. Sipendi kuwafundisha kazi, najua mna wahasibu.

Na siku mbili za wiki ziwe za wanawake na wasichana peke yao. Hilo nalisisitiza. Kama hamtaweza mengine yote mwaka huu, anzeni na hilo na uzio wa makuti, mtaona idadi itakayokuja.

Kiingilio kisiwepo. Mkiweka hata shilingi mia tano, watoto wale wale watarudi kwenye machimbo, na waheshimiwa mtakuwa mmejenga Raskazone ya pili.

Naomba na kibao. Pale mapangoni Amboni mgeni husimuliwa habari za mizimu, na za Osale Otango aliyejificha humo na mwenzake miaka ya 1950 akisakwa na polisi wa mkoloni. Kibao cha mtoni kiandike tu kwamba hapa watu wa Tanga walioga na kuogelea, kwamba wanawake walikuwa na upande wao na wavulana upande wao, na kwamba kina kilipimwa kwa mwanzi kila baada ya masika. Kwa Kiswahili, herufi kubwa, zisomeke na mtoto wa darasa la tatu.

Niko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayoniita, na wapo wazee watatu waliokubali kuandamana nami hadi mtoni kuwaonyesha sehemu mbili wanazozikumbuka. Mmoja wao miguu inamsumbua, kwa hiyo tutaomba gari la halmashauri lifike hadi mwisho wa njia inayopitika. Msije na viatu vya ngozi.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mkazi wa Mabawa,
Tanga.

Nakala:
Madiwani wa kata zinazopakana na Mto Sigi na Mto Mkulumuzi.
Ofisa Elimu Msingi wa Jiji, kwa ajili ya somo la michezo.
Wenyeviti wa mitaa, wabandike ubaoni.